Sanduku la Nyuki Wadogo

Mtoto akisikia neno nyuki, mara hukumbuka mwiba. Wala si ajabu, maana nyuki wakubwa wa nchi yetu ni wakali, na mtu aliyepata kufukuzwa nao hasahau upesi. Lakini wako nyuki wengine, wadogo, weusi au wa rangi ya kutu, ambao hawaumi. Kwa kweli mwiba wanao, ila umedumaa hata hauwezi kutoboa ngozi ya mtu. Ukiwachokoza watatoka kwa wingi, wataingia katika nywele, masikioni na machoni, na wengine watakufinya kwa taya zao, nawe utakimbia, lakini hutavimba. Wenye elimu ya wadudu wamehesabu zaidi ya aina 500 za nyuki wa namna hii duniani, na wote hukaa katika nchi za joto. Aina nyingine ni wadogo kama usubi, na nyingine hukaribia ukubwa wa inzi wa nyumbani.

Labda umekwisha kuwaona bila kuwajua. Tazama ukuta wa udongo wa nyumba ya zamani, au shina la mti lililo na uwazi ndani. Ukiona kijibomba cha nta kimetokeza nje, chembamba kama penseli, na mdomoni mwake vichwa viwili vitatu vyakutazama, basi huo ndio mlango wao, na hao wanaokutazama ni walinzi.

Katika somo hili tutajifunza kuwajengea nyumba. Lakini kabla ya kushika msumeno yatupasa kujua jinsi wanavyokaa. Mimi mwenyewe nilishika msumeno kwanza, na nyuki wa babu yangu walikufa. Nitawapa habari hiyo kama ilivyokuwa.

Babu alikaa katika miteremko ya Kilimanjaro, penye migomba na mikahawa. Wachagga wa huko wamefuga nyuki hawa tangu zamani katika magogo yaliyochimbwa, na magogo hayo huyatundika karibu na nyumba, maana nyuki asiyeuma hana haja ya kuwekwa mbali na watoto. Chini ya upenu wa ghala ya babu lilining'inia gogo moja la mringaringa ambalo baba yangu alilikuta alipozaliwa. Mwaka huo mvua zilikuwa nyingi, gogo likaoza upande mmoja, na ufa ukatokea. Nilikuwa na umri wa miaka 12, nami nilikuwa nimejifunza useremala kidogo shuleni, hata nilijiona fundi. Nikasema, "Babu, niache niwatengenezee sanduku."

Babu akajibu, "Vema, mjukuu wangu. Lakini ningoje nirudi kutoka sokoni."

Sikungoja. Nilikuwa na sanduku tayari, nikalipasua gogo kwa shoka. Ndani nikakuta mambo ambayo sikuyategemea. Nilitazamia masega yaliyosimama wima kama ya nyuki wakubwa, kila kijumba kimejaa asali. Sivyo. Katikati palikuwa na masega yaliyolala, moja juu ya jingine, kama chapati zilizopangwa katika sahani, nayo yamezungushiwa ngozi nyembamba za nta. Pembeni palikuwa na vitungi vingi vya mviringo vya rangi ya kahawia, vingine vina asali, vingine vina chavua, yaani ule unga wa maua. Nikayatoa masega moja moja, nikayageuza yasishikamane na jani la mgomba nililoyawekea, nikayatia sandukuni vivyo hivyo. Vitungi vilivyopasuka nikavimimina humo humo, nikidhani nimewapa akiba ya chakula. Kisha nikalipeleka sanduku upande wa pili wa nyumba penye jua, ili wapate joto.

Babu aliporudi jua lilikuwa linakaribia kuchwa. Alisimama chini ya upenu akitazama juu. Wingu dogo la nyuki lilikuwa likizunguka mahali pale pale gogo lilipokuwa likining'inia, wala hawakuwa na pa kutua. Hakunikemea. Aliniuliza neno moja tu, "Malkia wao yuko wapi?" Nikasema, "Sijui, babu."

Baada ya siku tisa tulifungua sanduku. Harufu iliyotoka ilikuwa mbaya. Asali ilikuwa imechacha, na mbawakawa wadogo weusi walikuwa wameingia na kutaga, na funza wao walikuwa wakitambaa katika nta. Nyuki walio hai hawakuzidi kumi na wawili.

Jioni ile babu aliomba kikombe cha uji mzito. Akaweka punje moja ya mahindi juu ya uji, kwa uangalifu, nayo ikakaa bila kuzama. Akasema, "Huyu ni mtoto wa nyuki mdogo." Akafunika kikombe kwa kisahani, akakipindua. "Sasa mtoto yuko wapi?" Nikasema, "Amefunikwa na uji." Akasema, "Ndivyo ulivyowafanyia siku ile."

Hapo ndipo nilipofahamu tofauti kubwa iliyoko kati ya nyuki hawa na wale wakubwa. Nyuki wakubwa hulea majana yao kama mama alishavyo mtoto: kijumba hubaki wazi, na walezi huja kila mara kumtia jana chakula, mpaka siku ya kufunga. Nyuki wadogo hawafanyi hivyo. Wao hujaza kijumba chakula cha majimaji mara moja tu, kadiri itakayomtosha mtoto mpaka awe mkubwa. Malkia huja, hutaga yai moja juu ya chakula hicho, nalo husimama juu yake; kisha kijumba hufungwa, wala hakifunguliwi tena mpaka nyuki kamili atoke. Kwa hiyo sega likipinduliwa, yai na jana mchanga huzama katika chakula chao wenyewe. Waliokwisha kukua na kumaliza chakula huweza kupona, lakini wadogo wote hufa.

Neno la malkia nalo ni zito, na yafaa kulikaza zaidi, kwa kuwa warina asali wengi hawalijui. Nyuki wakubwa wakiharibiwa nyumba yao huweza kuhama, malkia wao akiruka pamoja nao. Malkia wa nyuki wadogo huruka katika ujana wake tu. Akisha kuanza kutaga, tumbo lake huvimba hata mabawa yake hayawezi kumbeba tena, naye hukaa katika nyumba ile ile mpaka kufa. Kwa sababu hiyo mtu akikata mti porini, akachota asali ya nyuki wadogo na kuuacha mti umepasuka chini, hakuwafukuza nyuki, amewaua. Sisimizi watamaliza kazi usiku ule ule. Na mti ule uliochukua miaka mingi kupata uwazi unaofaa umekwisha pia.

Mwaka uliofuata jirani yetu alibomoa jiko lake la zamani, na ndani ya ukuta palikuwa na nyuki hao. Akatuita. Safari hii nilingoja maneno ya babu, nami nitaeleza kazi tuliyoifanya.

Ubao wetu ulikuwa wa mringaringa, mkavu, wenye unene wa inchi 1. Unene huo una maana yake: nyuki wadogo hawavumilii baridi, na mbao nyembamba hupitisha joto la mchana na ubaridi wa usiku. Mti mwingine wafaa pia, ila usiwe na harufu kali, wala usiwe ubao uliotiwa dawa ya kuua wadudu. Usipake rangi ndani kamwe. Ukitaka kupaka nje, ngoja ikauke kabisa mpaka harufu iishe ndipo uwatie wenyeji.

Sanduku letu lilikuwa na ghorofa mbili: ya chini kwa watoto, ya juu kwa asali. Kila ghorofa ilikuwa ya mraba, na upana wake kwa ndani sentimeta 18. Kwa kipimo hicho hukata mbao mbili za urefu wa sentimeta 23 na mbili za urefu wa sentimeta 18, ukaziunga kuwa kama fremu. Kimo cha ghorofa ya chini kilikuwa sentimeta 14, na cha juu sentimeta 8. Kwa nini tusitengeneze sanduku kubwa, ili tupate asali nyingi? Niliuliza hivyo pia. Babu alisema mtu mmoja akipewa nyumba ya vyumba kumi, atashinda akifagia. Nyuki hawa huziba kila nafasi isiyo na kazi kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, na sanduku kubwa huwapotezea nguvu nyingi, tena huwaacha na baridi. Ikiwa nyuki wa kwenu ni wale wadogo sana kama usubi, punguza vipimo vyote karibu nusu.

Ghorofa ya chini ilipigiliwa sakafu ya ubao mmoja. Ndani ya ghorofa ya juu, sawa na ukingo wake wa chini, tulipigilia kipande cha ubao mwembamba chenye urefu wa sentimeta 18 na upana wa sentimeta 14, hata ikabaki njia ya sentimeta 2 upande wa kuume na upande wa kushoto. Kwa njia hizo nyuki hupanda, na juu ya kipande hicho hujenga vitungi vyao vya asali, huku watoto wakikaa chini bila kuguswa siku ya kurina. Ghorofa hizi mbili hazipigiliwi pamoja. Juu yake tukaweka karatasi ya plastiki inayoonyesha, kisha kifuniko, ili tuweze kuwachungulia bila kubomoa kazi yao. Usoni, katika ghorofa ya chini, tulitoboa kwa keekee tundu moja la upana wa sentimeta 1. Matundu mengine hayatakiwi. Mwanafunzi aliyezoea kufuga kuku hutaka kuweka madirisha ya hewa. Nyuki watayaziba yote kabla ya juma kwisha.

Palipokuwa na ufa, hata wa unene wa unywele, tuliuziba kwa udongo wa mfinyanzi. Kazi hii ndiyo inayochosha, nayo ndiyo watu hupenda kuiruka. Basi kumbuka wale funza.

Kuwahamisha tulichagua asubuhi yenye jua, wakati nyuki wengi wako mashambani. Babu alichora mstari wa chaki juu ya kila sega kabla ya kulitoa, na mstari ulibaki juu mpaka mwisho. Alitanguliza vidonge vidogo vya nta katika sakafu ya sanduku, akaweka sega la kwanza juu yake, ili nyuki wapate nafasi ya kupita chini yake; kisha la pili juu ya la kwanza, vivyo hivyo. Malkia tulimwona akitambaa chini ya sega la tatu. Huwezi kumkosa ukijua cha kutafuta: tumbo lake ni refu, limevimba, na mabawa yake yaonekana kama nguo ya mtoto iliyovaliwa na mtu mzima. Babu hakumshika kwa vidole. Alimwachia apande katika kijiti cha nta, akamtia ndani. Vitungi vizima vya chavua na asali tuliviweka vichache tu. Vilivyopasuka havikuingia hata kimoja. Hivyo tulivila sisi, na mikono yetu tukainawa kabla ya kulifunga sanduku.

Kisha babu akakibandika kile kijibomba cha zamani katika tundu la sanduku jipya, akaliweka sanduku mahali pale pale mlango wa zamani ulipokuwa ukutani, kwa kimo kile kile. Nyuki waliotoka shambani na mizigo yao miguuni walizunguka kidogo, wakainusa nta yao, wakaingia. Kabla ya adhuhuri walinzi walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni. Tuliliacha sanduku hapo mpaka tulipoona wametulia na wamejenga; ndipo usiku, wote wakiwa ndani, tukaziba tundu na kulichukua kwetu, tukilishika wima kama mtu abebavyo maji.

Kwetu tulilisimamisha juu ya stendi ya miguu minne, chini ya upenu, ambapo jua la asubuhi hulifikia na la mchana halilifikii. Kila mguu ulisimama katika kopo lenye mafuta machafu ya gari, kwa ajili ya siafu. Majani yaliyo karibu yakatwe, maana jani moja likigusa sanduku ni daraja.

Labda utasema, "Kwetu hakuna ukuta unaobomolewa wala mti ulioanguka." Usikate mti kwa ajili ya sanduku. Iko njia ya polepole. Nyuki hawa wakitaka kugawanyika, hawaondoki ghafula kama wale wakubwa. Hutafuta kwanza nyumba tupu iliyo karibu, na kwa siku nyingi huchukua nta, utomvu na asali kutoka kwa mama na kupeleka huko, wakiitengeneza. Nyumba ikiwa tayari, malkia kijana huenda, na yule mzee hubaki kwake. Kwa hiyo tundika sanduku tupu karibu na mti wanaokaa, baada ya kulipaka ndani nta na utomvu wao wenyewe, ukangoje. Pengine utangoja msimu mzima, pengine hawatakuja. Lakini wakija, utakuwa na makao mawili badala ya moja, na mti bado umesimama.

Katika muda huo usidhani kwamba nyuki wanaokaa mtini hawana faida kwako. Ua la kike la boga haliwezi kuzaa pasipo mdudu kulichukulia chavua kutoka ua la kiume. Hata mkahawa, ambao waweza kujizalia wenyewe, husaidiwa na nyuki: wataalamu waliopima mikahawa ya Kilimanjaro, na ambao habari zao zilitolewa mwaka 2014, waliona kwamba matunda yaliyotembelewa na nyuki yalizidi uzito kwa kiasi cha 7 katika kila 100.

Sasa asali. Ngoja mpaka msimu wa maua upite na vitungi vya juu viwe vimejaa na kufungwa. Ondoa ghorofa ya juu peke yake. Humo hamna watoto, kwa hiyo humo tu ndimo unamoruhusiwa kupindua. Toboa vitungi kwa kijiti safi, inamisha juu ya chombo chenye kitambaa cha kuchujia, uache asali itiririke, kisha rudisha ghorofa mahali pake pamoja na nta yote, ili nyuki wasianze kujenga upya. Acha theluthi moja ya vitungi bila kuvigusa, na ikiwa mvua ndefu ziko karibu, acha nusu. Asali hii hupimwa kwa chupa, si kwa debe, lakini huuzwa ghali kuliko ile nyingine, na watu wengi huitafuta kwa ajili ya kifua. Asali ya aina yo yote asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, hata ikiwa bibi mwenyewe ndiye atakaye kumpa.

Utakapoionja utaona ni nyepesi, na ina uchachu kidogo kama wa ndimu. Ina maji mengi kuliko asali ya nyuki wakubwa, kwa hiyo huchacha upesi. Itie katika chupa iliyochemshwa, usiijaze mpaka mdomoni, uiweke mahali pa baridi, na kila siku chache ulegeze kifuniko kidogo hewa itoke. Chupa ya kwanza ya babu niliifunga kwa nguvu zangu zote na kuiweka rafuni juu ya kitanda changu. Ilifunguka yenyewe usiku wa manane.

MASWALI

1. Kwa nini babu alichora mstari wa chaki juu ya kila sega?
2. Mtu amepasua mti wenye nyuki wadogo, akasema, "Watahamia mti mwingine." Mjibu.
3. Sanduku la mwandishi la kwanza liliwekwa upande wa pili wa nyumba. Eleza kwa nini nyuki waliotoka shambani hawakuliona.
4. Pima ubao ulio nyumbani kwenu. Ikiwa unene wake ni sentimeta 2, mbao nne za kila ghorofa zitakuwa na urefu gani ili upana wa ndani ubaki sentimeta 18?